Kiriba Kikishiba Husimama

Kiriba cha kwanza nilichojaza maishani mwangu kilianguka kabla sijakiachia vizuri. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikitazama kikiwa kimelala ubavu na udongo umemwagika nusu, akasema, "Hicho kina njaa." Kisha akaendelea na chake.

Ilikuwa Agosti, kijijini kwetu upande wa Mandawa, wilaya ya Ruangwa. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nimetuma maombi ya kazi mpaka nikachoka kuandika jina langu mwenyewe, na nilikuwa nimekuja kupumzika kwa wiki mbili. Nilikaa miezi mitano. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kuuliza ushahidi uko wapi, na swali hilo nilirudi nalo nyumbani kama mtu anayerudi na kikohozi. Lilinitoka kila mahali, jikoni, msibani, hata mbele ya shehe. Mama mkubwa alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, halafu ananiuliza kama nimeshakula.

Kiriba, kwa asiyekijua, ni kifuko cheusi cha plastiki, chembamba, chenye vitundu upande wa chini. Unakijaza udongo, unapanda mbegu humo, na mche unakaa humo mpaka mvua zianze ndipo unapohamishiwa shambani. Tulikuwa na viriba mia na sitini, korosho za mbegu nusu debe, na shamba la ekari nne lisilo na mti hata mmoja.

Shamba hilo ndilo lililotuweka pale chini tukiwa na udongo hadi viwikoni. Lilikuwa na mikorosho ya bibi, ambayo ilinyauka mmoja baada ya mwingine kwa ule ugonjwa uliopita huku kwetu, majani yakikauka yakiwa bado yameshika tawi. Tuliing'oa yote. Kwetu ardhi ya ukoo hupita upande wa mama, na mwenye kauli ya mwisho ni mjomba. Mjomba, kaka yao mkubwa, alikuwa amesema baada ya Idi, mbele ya ndugu wote, kwamba shamba lisilo na mti halina mwenyewe. "Mvua hizi zikinyesha likiwa bado tupu," alisema, "namkabidhi mtoto wa mdogo wenu apande ufuta." Hakusema kwa ubaya. Binamu yangu alikuwa na watoto wanne na jembe lisilo na mahali pa kulima. Lakini kila mtu pale uani alijua kwamba mtu akishapanda ufuta mahali mwaka mmoja, mwaka wa pili haombi tena. Na mama mkubwa, ambaye ni mjane, hakuwa na shamba jingine. Alikuwa na nyumba, mbuzi sita, na zile ekari nne ambazo bibi alimwonyesha mipaka yake kwa kidole siku chache kabla hajafariki.

Kwa hiyo tulijaza viriba.

Udongo tuliufuata porini, ule mweusi wa juu unaopatikana chini ya majani yaliyooza. Tukauchanganya na samadi ya mbuzi na mchanga kidogo wa korongoni, tukachekecha. Mama mkubwa alipima kwa ndoo, lakini mwishoni aliipima ile chungu yote kwa mkono: aliufinyanga udongo kiganjani, akaufungua, akaugusa kwa kidole. Ukivunjika vipande viwili, umefaa. Ukibaki donge, mchanga hautoshi. Nilimuuliza nani aligundua kipimo hicho.

"Mkono," akasema.

Namna yake ya kujaza ilikuwa hivi. Alifungua mdomo wa kiriba kwa vidole viwili, akatia konzi tatu za udongo, akasema bismillahi, akakigonga kiriba chini mara mbili. Konzi tatu nyingine, bismillahi, gonga, gonga. Alifanya hivyo mpaka udongo ufike mdomoni, halafu akabonyeza juu kwa dole gumba na kuongeza konzi moja ya mwisho, ile ambayo mimi niliiona kabisa kuwa ya uchoyo wa kinyume, udongo unaotaka kumwagika. Kisha alikiweka chini na kukiachia. Kikisimama chenyewe bila kuegemea kingine, kimeshiba. Kikilegea kiunoni, alikirudia kuanzia mwanzo. Hakutumia neno "kujaa" hata siku moja. Ndoo hujaa, alisema, na gunia hujaa. Kiriba hushiba.

Mimi niliona makosa mawili, na niliyasema yote mawili siku ya kwanza. Kosa la kwanza, udongo ulioshindiliwa unanyima mizizi hewa. La pili, kiriba kilichofika mdomoni hakina nafasi ya maji. Ukimwagilia, maji yanateleza nje. Inafaa kuacha vidole vitatu juu.

"Nani kakwambia?" mama mkubwa akauliza.

Lilikuwa swali langu, na sikupenda kulisikia kwa sauti ya mtu mwingine. "Ni akili ya kawaida," nikasema.

"Ya kawaida ya wapi? Hapa au chuoni?"

"Ya popote."

Alicheka bila kuinua kichwa. "Haya, wewe wa kwa nini. Jaza vyako unavyojua, nami nijaze vyangu ninavyojua. Viriba ndivyo vitakavyosema."

Lilinifurahisha sana neno hilo. Jaribio la haki, nikafikiri: udongo mmoja, mbegu moja, maji mamoja, tofauti ni ujazo tu. Tuligawana nusu kwa nusu, themanini kwa themanini. Vyangu nilivijaza kwa udongo mwepesi bila kugonga, nikaacha vidole vitatu juu, nikavipanga chini ya kichanja cha nyasi vikiegemeana kama watu waliokaa kwenye foleni ya zahanati. Vyake vilisimama mstari wa pili. Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno ambaye alipita kila asubuhi akienda kuteka maji, alisimama akavitazama.

"Hivi vilivyolala ni vya nani?"

"Vya huyu," mama mkubwa akasema. "Huo ni mstari wa digrii."

"Ee! Na huu mwingine?"

"Wa darasa la saba."

Jina likashika. Hata watoto wa shule wakipita walikuwa wanauliza kama mstari wa digrii umeota.

Uliota. Hilo lazima niliseme. Korosho tulizichagua kwa kuzitia kwenye ndoo ya maji, zilizoelea tukazikataa, zilizozama tukazipanda, ile sehemu iliyoshikana na bibo, tunda lake, ikitazama juu. Baada ya wiki tatu hivi, mistari yote miwili ilikuwa na vichwa vya kijani, na wa kwangu, niliapa, ulitangulia kwa siku moja. Nilitembea mbele ya kichanja nikiwa nimefunga mikono nyuma kama mkaguzi. Mama mkubwa alikuwa anamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu kwa msumari.

"Umeona?" nikamwambia.

"Nimeona."

"Na hewa imeingia."

"Imeingia. Ngoja na maji yaingie."

Maji yaliingia kila asubuhi na kila jioni, na kila yalipoingia, udongo wangu ulishuka. Mwanzoni sikuona, kwa sababu kitu kinachoshuka kidogo kidogo mbele ya macho ya mtu mwenye uhakika huwa hakionekani. Vidole vitatu vikawa vitano, kisha shibiri nzima. Sehemu ya juu ya kiriba isiyo na kitu ndani ilikosa wa kuishika, ikajikunja, ikaufunika mche kama kofia iliyozidi kichwa. Maji ya kopo yakawa yanaangukia kwenye mikunjo ya plastiki na kumwagika pembeni, ama yanatuama shingoni mwa mche yasitoke. Miche mingine ikawa na kiu na mingine ikaoza, katika mstari mmoja, kwa kopo moja. Vile vya mama mkubwa vilishuka pia, lakini upana wa kidole tu. Ile konzi ya mwisho niliyoiita uchoyo ndiyo iliyokuwa imeshuka. Na nafasi iliyobaki juu ilitosha maji barabara.

Sikukubali siku hiyo. Nilipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee ambapo simu inakamata mtandao, nikatafuta nikitumaini kwamba mtu fulani mahali fulani duniani ataniambia tatizo ni samadi. Nilikuta ukurasa mmoja mrefu, wenye picha nzuri za vyungu na ndoo, ulioeleza kwa utulivu kile hasa nilichokuwa sitaki kukisikia: udongo hukaa chini ukimwagiliwa, mtu asiogope kujaza vya kutosha tangu mwanzo, kwani mmea wenye udongo haba ni mmea wenye mizizi haba. Niliusoma mpaka chini. Huko chini ndiko nilikogundua ni mmea gani waliokuwa wanauzungumzia.

Nilimkuta mama mkubwa bado ana kopo mkononi.

"Wanasemaje hao wa kwenye simu?"

"Wanasema kama wewe. Kijazwe, kishindiliwe kidogo, kiongezwe."

"Hao wana akili. Ni watu wa wapi?"

"Mbali. Lakini, mama mkubwa, wao si wakulima wa korosho."

"Wa nini?"

"Wa bangi."

Kopo likasimama hewani, maji yakaendelea kumtiririkia miguuni. "Bangi?"

"Wanaipanda kwenye ndoo, ndani ya nyumba. Kwao serikali imeruhusu."

"Astaghfirullah." Akamwagilia miche mitatu. Kwenye wa nne akasema, "Lakini kwenye udongo wamesema kweli."

Halafu akaanza kucheka, na mama mkubwa akicheka hukaa chini. Jirani alipopita akahadithiwa yote, na yeye akaiweka ndoo yake chini ili acheke kwa nafasi. "Mwenzangu! Chuo kikuu kimekataa, wavuta bangi wamekubali!" Mama mkubwa akajifuta macho kwa pembe ya kanga, akanigeukia akiwa makini ghafla. "Ila mjomba wako usimwambie ulikosoma. Huyo atatufukuza sote, na miche yetu."

Nilicheka nao, lakini jioni ile nilihesabu. Shambani tulikuwa tumeshachimba mashimo mia na kumi, kwa kipimo cha hatua kumi na mbili kila upande, na kila shimo lilikuwa linasubiri mche. Themanini vya mama mkubwa, hata vikipona vyote, havikutosha. Mashimo thelathini au zaidi yalikuwa yanaitegemea miche yangu, na miche yangu ilikuwa imevaa kofia. Shamba la nusu tupu, mbele ya mjomba, si shamba lililopandwa. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba jaribio langu la haki lilifanyika juu ya ardhi ya mtu mwingine. Ardhi hiyo ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

Asubuhi nilimwambia nitaviongezea udongo kwa juu. Nilikuwa nimeshachota konzi.

"Usithubutu," akasema. "Ukiuzika mche shingo, unaoza. Mtu mfupi akitaka kuchungulia dirishani hupewa kigoda. Huwezi kumwongezea kichwa."

Kigoda chenyewe kilikuwa hivi. Unachukua kifuko kingine, unatia udongo chini, unagonga, bismillahi, unaongeza. Halafu unachana kiriba cha zamani kwa wembe ubavuni, unautoa mche na donge lake zima la udongo bila kulivunja, unaukalisha juu ya ule udongo mpya ili shingo yake ifike mdomoni, na unajaza pembeni taratibu. Ugumu ni mzizi. Mkorosho una mzizi mmoja mkuu unaokwenda chini moja kwa moja, na ukikatika, mche unaaga dunia ndani ya siku tatu. Donge langu la udongo lilikuwa jepesi, lisiloshikana, kwa sababu nililijaza bila kugonga. Kila kosa langu lilikuwa linamsubiri mwenzake.

Viriba vilikuwa vimekwisha. Nilizunguka kijiji kizima nikiomba vifuko vya sukari na vya unga, na kwa aibu niliyostahili nilieleza kila nyumba ni vya nini. Mama mmoja alinipa na vya chumvi. Mama mkubwa alivichambua vyote kama mchele, akavitoa vile vya chumvi akavitupa pembeni. "Na hivi ungesema ni akili ya kawaida," akasema.

Tulifanya kazi hiyo siku nne. Nilikuwa nashika mche, yeye anachana. Mikono yake ni minene, ngozi ya vidole imeungua na mafuta ya korosho tangu utotoni, na nilidhani mikono ya namna hiyo haiwezi kuhisi kitu. Lakini alikuwa anasimama katikati ya kuchana na kusema, "Hapa mzizi umejikunja," kabla wembe haujafika, nasi tukifungua tunakuta umejikunja kweli. Nilimuuliza anajuaje.

"Umekaza."

"Nini kimekaza? Plastiki?"

"Wewe shika vizuri."

Katika siku hizo nne nilichunguza pia ile bismillahi, kwa sababu siwezi kuacha kitu bila kukichunguza. Niligundua kwamba haikosei nafasi yake. Inakuja kila baada ya konzi tatu, na kabla ya kugonga. Kiriba kizima kinapata bismillahi nne, yaani kinagongwa chini mara nane, na ndiyo maana vyake vyote vilifanana kana kwamba vimetoka kwenye mashine. Nikamwambia, nikijiona mwerevu, kwamba nimeijua siri yake: bismillahi ni kipimo.

Hakukasirika. Alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyefanikiwa kufungua mlango wa jikoni. "Mwanangu, namwomba Mungu, na nashindilia udongo. Kwani mtu hawezi kufanya mambo mawili?"

Mimi sala yangu ni ya kusuasua, na maswali yangu kuhusu mambo hayo hayajaisha. Lakini nilianza kuisema, kwanza kimoyomoyo kama kuhesabu, baadaye kwa sauti, kwa kuwa bila hiyo mkono wangu ulisahau kugonga.

Siku ya tatu, mche mmoja uliponivunjikia mkononi, ukiwa wa sita au wa saba kuvunjika, niliuweka chini nikamuuliza jambo lililokuwa linaniuma. "Ulijua vitashuka. Ulijua tangu siku ya kwanza. Kwa nini uliniacha?"

"Ningekukataza ungekubali?"

"Nisingekubali. Lakini shamba ni lako."

Alimaliza kuchana kiriba alichokishika. "Ulipokuja hapa ulikuwa umenuna wiki nzima, hutaki hata uji. Siku nilipokwambia jaza unavyojua, ulikula ugali sahani mbili. Udongo nikauona, nikasema huu utaongezwa. Wewe ukiondoka hapa kwa hasira nitakuongeza na nini?" Akanyoosha mkono. "Lete mwingine."

Nililia kidogo, nikimgeuzia mgongo, na nina hakika aliona.

Katikati ya Oktoba alinituma Nachingwea kuchukua vikonyo, yaani vichipukizi vya mikorosho bora vinavyobebeshwa juu ya miche. Nilikwenda na bodaboda alfajiri, na kitambaa kibichi ndani ya ndoo yenye mfuniko. Udongo wa Nachingwea ni mwekundu, unashika kiatu na hauachi, na mzee mwenye kitalu nilichoelekezwa alikuwa na viriba maelfu. Wakati anakata vikonyo nilijikuta nimeinama kwenye mstari wa mwisho, nakibonyeza kimoja kwa dole gumba, nakiinua na kukiachia nione kama kitasimama. Nilifanya hivyo kwa kadhaa bila kufikiri.

"Wewe binti," mzee akasema nyuma yangu, "una undugu na yule mama wa Mandawa?"

Nikashtuka. "Ni mama yangu mkubwa. Umejuaje?"

"Hakuna mtu mwingine anayekuja hapa kubonyeza viriba vya watu. Miaka hiyo tulipopewa mafunzo, bwana shamba alijaza vya mfano, akavipanga mezani. Yeye akanyanyuka, akavibonyeza, akamrudishia vitatu mbele ya darasa zima. Akamwambia, 'Mwalimu, hivi vina njaa.'"

"Bwana shamba akasemaje?"

"Angesemaje? Alivijaza upya." Akanifungia vikonyo. "Msalimie. Mwambie bado nampa vya kwanza kukatwa."

Nilirudi nimeikumbatia ndoo ile kifuani njia nzima. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu jinsi ya kumpinga mtaalamu kwa hoja, na sikuwahi kumpinga hata mmoja uso kwa uso. Yeye alikuwa ameishia darasa la saba, na alifanya hivyo kwa dole gumba.

Kubebesha alifanya mwenyewe, mimi nikifunga utepe wa plastiki. Vikonyo kwenye mstari wake vilishika karibu vyote. Kwenye wangu, mashina mengi yalikuwa membamba kuliko kikonyo, na kikonyo hakishiki juu ya kitu kilicho chembamba kuliko chenyewe. Alijaribu miche yote hata hivyo, hata ile ambayo mimi ningeitupa. Ilipofika Desemba, wake ulikuwa na miche sabini na miwili. Wangu, katika vifuko vya sukari na unga vyenye picha za miwa na mahindi, ulikuwa na ishirini na saba. Tisini na tisa. Mashimo mia na kumi.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku wa Alhamisi, na Jumamosi tukaanza kupanda. Mjomba alikuja siku ya pili yake na baiskeli yake, koti la mvua limefungwa nyuma, suruali imekunjwa hadi magotini. Alisalimia, akakataa kukaa, akaenda moja kwa moja kwenye miche iliyobaki ikisubiri kupelekwa shambani. Akakiinua kimoja, cha mstari wa darasa la saba. Akakibonyeza. Akakiweka chini, kikasimama.

"Hivi nani kasema vijazwe namna hii? Sisi zamani tulikuwa tunajaza nusu tu, tunakwenda zetu."

Mama mkubwa alinitupia jicho la haraka, na jirani, ambaye alikuwa amekuja kusaidia kubeba, akaanza kukohoa ndani ya kanga yake. Nilijua wote wawili wanawaza ndoo za wavuta bangi.

"Mama mkubwa ndiye kasema," nikamjibu mjomba.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutaja chanzo bila kitabu wala ukurasa, na sikuona haja ya kuongeza kitu.

Akaguna, akaingia shambani. Tulimfuata. Alitembea mstari kwa mstari, taratibu, akigusa kila mche mpya kwa ncha ya fimbo, pembeni, asiuumize, na akiyapita mashimo yaliyokuwa bado wazi yakisubiri miche ya kichanjani. Mimi nilikuwa nahesabu naye kimoyomoyo, na nilijua ni wapi hesabu itakapokatika: mstari wa mwisho, upande wa mpaka wa shamba la jirani, mashimo kumi na moja ambayo yangekuwa na miche kama ningegonga viriba vyangu mara mbili tu. Alifika pale akasimama. Mashimo yalikuwa yamefukiwa, lakini juu hapakuwa na kitu.

"Hapa pana nini?"

"Pana mikorosho, kaka," mama mkubwa akasema.

"Siioni."

"Haijatoka. Nimetia korosho tatu tatu kila shimo, kama alivyokuwa anapanda mama. Ikitoka nitaacha mmoja mmoja, na mwakani nitaibebesha hapohapo shambani."

Nilikuwa sijui. Alizipanda alfajiri ile, peke yake, wakati mimi nimelala. Hakuniambia, na nadhani hakuniambia ili nisije nikasimama pale siku nzima nikiyatazama mashimo yangu.

Mjomba aliinama. Alifukua shimo moja kwa vidole, polepole, mpaka akaiona korosho moja imekaa ndani ya udongo, sehemu ya bibo ikitazama juu. Halafu akaifukia tena, akaubonyeza udongo kwa dole gumba, na akachota konzi moja zaidi kutoka pembeni akaiongeza juu. Sikujua kwamba na yeye ni mtu wa konzi ya mwisho. Huenda wote walijifunzia kwa bibi.

"Yule kijana nitamtafutia pa kulima kule Malolo," akasema akijipangusa mikono kwenye suruali. "Kuna kipande cha shemeji yangu." Akamgeukia dada yake. "Hii ya huku mwisho ikitoka, uniite nije nione."

"Nitakuita, kaka."

Akaondoka akiisukuma baiskeli kwenye tope. Mama mkubwa hakusema Alhamdulillahi kwa sauti, aliisema kwa midomo tu. Halafu akaliona shimo alilofukua mjomba, akapiga magoti, akaubonyeza tena ule udongo, kana kwamba hata kazi ya kaka yake haikumshibisha.

"Imebaki mingapi kule kwenye kichanja?" akaniuliza.

"Kumi na nne."

"Ya mfuko wa unga ianze. Udongo wake bado mwepesi, ibebe kwa kushika chini."

Nikaenda kuibeba kwa kushika chini.